Ushahidi wa Jicho: Yaliyomo Ndani ya Kiini cha Seli

(Muhadhara uliotolewa baina ya Magharibi na Isha, Mchafukoge, Dar es Salaam)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba zake na kila aliyeufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Amma baad.



Kamati imenitaka nizungumze juu ya maradhi na husda. Nimeikubali mada hiyo, lakini nitaiingilia kwa mlango ambao huenda hamkuutarajia. Nitakupelekeni ndani ya kiini cha seli ya mwanadamu, mahali padogo kuliko chembe ya vumbi, kisha nitakurudisheni hapa msikitini. Naomba mnivumilie, kwani sababu yangu ni nzito.

Kisa cha mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa ninayosomesha, alikuwepo mtoto wa kiume wa miaka saba. Sauti yake katika kusoma ilikuwa nzuri, naye alikuwa amekaribia kuihitimu Juzuu Amma. Siku moja alikuja taya lake la kushoto limevimba kidogo. Walimu tulidhani ni jino. Baada ya siku chache uvimbe ulipanda kuelekea jichoni, na meno ya upande ule yakaanza kulegea ingawa yeye mwenyewe hakulalamikia maumivu makali.

Nyumbani kwao maneno yakawa mengi. Upande wa baba ulisema kwamba ukoo wa mama una jambo lake la siri. Wengine wakamtaja jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, ambaye siku za nyuma alikuwa akiisifu sana sauti ya mtoto yule. Wakasema: huyo ndiye aliyemtia kijicho. Mtoto akavishwa hirizi.

Mimi nilipopata habari nilikwenda, nikaikata hirizi ile kwa mkono wangu, nikawasomea wenye nyumba nasaha juu ya tauhidi. Kisha nikamsomea mtoto ruqya, na nikaendelea hivyo kwa siku saba. Nilirejea nyumbani kila siku nikiona kuwa nimetimiza wajibu. Lakini neno moja sikulisema, nalo ni kumwambia baba yake: mpeleke mtoto hospitali leo hii, kabla ya jua kuzama.

Alipopelekwa, uvimbe ulikuwa umekwishaenea hadi tumboni. Daktari aliniambia kwa upole: "Mwalimu, maradhi haya hukua kwa siku, hayangojei miezi. Wiki mbili kwake ni muda mrefu mno." Mtoto yule alifariki. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Ajali yake iliandikwa na haikuwa ya kusogezwa mbele wala nyuma. Ila swali la kwamba mimi nilifanya nini katika siku zile saba ni swali langu, na nitaulizwa.

Baada ya maziko, mama wa mtoto aliendelea kutazamwa kwa jicho baya na wakwe zake. Yule jirani alihama mtaa. Hakuna mtu aliyewaomba radhi.

Ndugu zangu, sisi tuliosoma kwa Kiarabu hatukufundishwa elimu ya seli. Tulifundishwa lugha, fiqhi, hadithi na usuli. Lakini tumefundishwa pia kwamba asiyejua na awaulize wenye kujua. Nikaanza kuwauliza watu wa fani hiyo na kusoma. Niliyoyapata ndiyo ninayokuleteeni leo.

Uzi ndani ya mfuko

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli nyingi mno. Karibu kila aina ya seli ina kiini, na upana wa kiini hicho ni kiasi cha sehemu sita katika elfu moja za milimita. Ndani ya kiini hicho mna uzi uitwao DNA, ambao umebeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Uzi huo, lau ungenyooshwa, urefu wake wote katika seli moja ungefika takriban mita 2.

Maneno haya ni mepesi kuyatamka na ni magumu kuyafahamu, basi tutumie mfano wa fundi cherehani. Tuseme DNA tumeikuza hadi ikawa na unene wa uzi wa kushonea. Kwa kipimo hicho hicho, urefu wake utakuwa kilomita 200 hivi, karibu mwendo wa kutoka hapa tulipo mpaka Morogoro. Na kiini kitakuwa mfuko wenye upana wa sentimita 60 tu. Uzi wa kufika Morogoro umeingizwa wote ndani ya mfuko mmoja unaobebeka kichwani. Tena haukuingizwa ukalala, bali unafanya kazi: kila saa seli hufungua mahali inapopahitaji, husoma, hufunga, na inapogawanyika huunakili uzi wote.

Uzi huo haukuwa mmoja. Umekatwa vipande 46, na kila kipande huitwa kromosomu. Nusu twazipata kwa baba na nusu kwa mama. Juu ya kromosomu ndipo zilipo jeni, yaani sehemu zenye maelekezo ya kutengeneza kitu mahususi: hapa maelekezo ya damu, pale maelekezo ya kingamwili zinazopigana na maradhi, na kwingineko maelekezo ya kuiamuru seli igawanyike au itulie.

Swali waliloliuliza wataalamu lilikuwa hili: nyuzi hizi 46 zimekaaje ndani ya mfuko? Je, zimechanganyika ovyo kama nyuzi zilizochezewa na watoto, au kila moja ina mahali pake?

Jicho liliwezaje kuona

Mwanachuoni wetu Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo na kufariki takriban mwaka 1040, aliandika katika Kitabul-Manadhir kwamba jicho huona kwa sababu mwanga hutoka kwenye kitu na kuliingia jicho. Kabla yake wapo waliosema kwamba jicho ndilo litoalo miale. Yeye hakutosheka na kauli za wakubwa waliomtangulia. Alizipima kwa majaribio. Elimu ya lenzi na hadubini ilikuja kusimama juu ya msingi huo.

Hadubini mnaifahamu. Ukienda kupima malaria kwa kioo, tone la damu hupakwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya zambarau, ndipo mpimaji huviona vijidudu. Bila rangi asingeviona kwa urahisi. Kadhalika kromosomu: jina lake lenyewe, kwa asili ya Kiyunani, lina maana ya mwili wenye rangi, kwa kuwa hushika rangi zinapotiwa.

Lakini palikuwa na kizuizi. Kromosomu huonekana vizuri wakati seli inapogawanyika tu, kwa kuwa wakati huo hujikunja zikawa nene kama vijiti. Seli inaporudi katika kazi zake za kawaida, hukunjuka zikawa nyembamba, na kiini chote huonekana kama wingu. Mwaustria Carl Rabl mwaka 1885 alikisia kwamba hata ndani ya wingu lile kila kromosomu hubaki katika eneo lake. Mwenzake Theodor Boveri mwaka 1909 aliyaita maeneo hayo himaya za kromosomu. Hata hivyo hawakuweza kuyaonyesha, na kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba nyuzi zimechanganyika.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Thomas Cremer na Christoph Cremer huko Ujerumani walifanya jaribio lenye hekima. Walipiga doa dogo la kiini kwa mwale mwembamba wa mwanga wenye nguvu. Hoja yao ilikuwa kwamba kama nyuzi zimechanganyika, doa moja litajeruhi kromosomu nyingi. Na kama kila moja ina eneo lake, zitajeruhiwa chache tu. Zikajeruhiwa chache. Rabl na Boveri walikuwa wamesema kweli.

Kisha zikaja rangi zinazong'aa. Wataalamu hutengeneza vipande vifupi vya DNA vinavyofanana na sehemu wanayoitafuta, huvitia rangi ya kung'aa, na kuviacha viingie katika kiini na kushikana na wenzao. Hapo kromosomu moja yote huweza kuwaka rangi ya kijani na nyingine nyekundu, zote zikiwa mahali pake. Fahamuni kwamba uzi wenyewe bado hauonekani, kwani hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya moja ya tano ya sehemu ya elfu ya milimita, na uzi wa DNA ni mwembamba kuliko hapo mara 100. Mfano wake ni wavuvi wetu wa usiku. Ukisimama ufukweni huoni mtumbwi wala mvuvi, ila unaiona karabai yake, na kwayo unajua mtumbwi uko wapi. Mwaka 2014, Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel kwa kupata njia za kukivuka kizuizi hicho. Moja ya njia hizo ni kuziwasha karabai chache chache kwa zamu, kila moja ikapimwa mahali pake, kisha picha zote zikajumuishwa.

Tangu mwaka 2009 imekuwepo njia nyingine isiyotumia jicho kabisa. Nyuzi zilizokaribiana hugandishwa pamoja, hukatwa, ncha zilizo jirani huungwa, kisha husomwa ili ijulikane nani alikuwa ubavuni mwa nani. Hapo hupatikana ramani ya ujirani wa kiini kizima.

Yaliyoonekana ni mpango wa ajabu. Kila kromosomu ina eneo lake. Kromosomu ya 18 na ya 19 zinakaribiana kwa ukubwa; lakini ya 19, yenye jeni nyingi, hupendelea kukaa ndani katikati, na ya 18, yenye jeni chache, hupendelea kukaa pembezoni karibu na ukuta wa kiini. Jambo hilo lilionyeshwa na wataalamu wa Edinburgh mwaka 1999. Na mpangilio huo haulingani katika seli zote. Seli ya damu ina ujirani wake, na seli ya ini ina wake.

Maradhi yaliyotambuliwa kwetu

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Maradhi yaliyomuua yanaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kingamwili. Elimu yake haikuanzia Ulaya. Imeanzia hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto aliyevimba taya. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kutoka Kampala, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, safari ya wiki kumi na maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: je, mnawaona watoto hawa? Wakakuta kwamba maradhi hayo yapo katika nchi za joto, mvua na mabonde, na hayapo katika nyanda za juu zenye baridi. Yaani yapo pale palipo na malaria kali.

Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, huko London, walivikuta virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, navyo huenea kwa mate. Watu wengi sana duniani wanavyo na hawapati madhara makubwa. Basi ni nini kinachotokea kwa mtoto mmoja na kisitokee kwa mwenziwe?

Jibu lilikuwa ndani ya kiini. Mwaka 1972 wataalamu wa Kibulgaria waliokuwa Sweden, Manolov na Manolova, walizitazama kromosomu za uvimbe huo wakaona kwamba kromosomu ya 14 imeongezeka kipande kisichokuwa chake. Mwaka 1976 ikatambulikana kwamba kipande kile kimetoka kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ikajulikana kilichobebwa: jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli ikue na kugawanyika. Imekatika mahali pake penye udhibiti, ikaungwa ubavuni mwa jeni za kingamwili ambazo katika seli ile hazilali usiku wala mchana. Basi amri ya "gawanyika, gawanyika" ikawa haina wa kuizima. Ndiyo maana uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Na kwa nini ya 8 iungane mara nyingi na ya 14, na isiwe na nyingine yoyote? Mwaka 2003 kundi la Tom Misteli, huko Marekani, lilizitia rangi jeni hizo ndani ya chembe nyeupe za watu wazima wa afya, wasio na saratani, na kupima masafa baina yao. Likakuta kwamba MYC na jeni za kingamwili za kromosomu ya 14 huwa karibu karibu katika chembe hizo hata kabla ya maradhi yoyote. Ni majirani.

Chukueni mfano wa sokoni Kariakoo. Meza mbili zimepakana. Siku ya msukosuko, magunia ya meza hii na ya meza ile yakapasuka kwa pamoja, na wenye mali wakaokota kwa haraka. Bidhaa zitakazochanganyika ni za meza hizo mbili, si za meza hii na za mtu wa Buguruni. Vivyo hivyo katika kiini. Chembe nyeupe zimeumbwa na kimeng'enya kinachokata uzi wa jeni za kingamwili ili kuzinoa silaha zao dhidi ya maradhi. Ni kazi njema. Lakini malaria inapomrudia mtoto tena na tena, chembe hizo huchochewa kupita kiasi, na mkasi ule hufanya kazi mno. Mara chache hukata pasipotakiwa. Nyuzi mbili jirani zikikatika kwa wakati mmoja, huweza kuungwa kimakosa. Virusi navyo huisaidia seli iliyoharibika isife.

Huo ndio uliokuwa ubaya wa jirani katika nyumba ile. Haukuwa wa mama wa mlango wa pili.

Ushahidi na tuhuma

Enyi ndugu Waislamu, sheria yetu imesimama juu ya ushahidi. Kadhi hapokei kauli ya mtu anayesema "nadhani" au "watu wanasema". Shahidi huulizwa: umeona kwa macho yako? Suratul-Hujurat imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Hatukanushi husda, iko, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujikinga nayo kwa dua. Lakini kuamini kwamba husda ipo ni jambo moja, na kumnyooshea kidole mama fulani wa nyumba fulani bila ya ushahidi ni jambo jingine. La pili ni buhtani, nayo ni dhambi kubwa inayohitaji toba na kuombana radhi.

Na tazameni nini kimeshuhudiwa. Kukatika kule kwa uzi hakukurithiwa. Kumetokea ndani ya seli moja ya mtoto, baada ya yeye kuzaliwa, na seli hiyo ikazaa wenziwe. Ukizitazama seli nyingine za mwili wake, kromosomu ya 8 na ya 14 ni salama, kama za baba yake na mama yake. Kwa hiyo ukoo wa mama hauna kosa, na wala wa baba. Uvimbe huo hauambukizi kwa kukaa naye wala kula naye. Yule mama alitakiwa asafishwe jina na picha ile, nasi tukanyamaza kwa kuwa hatukuijua.

Ndiyo sababu nimekuleteeni mambo haya msikitini. Jicho la hadubini limewatolea ushahidi watu waliodhulumiwa.

Ruqya na hospitali

Watasema: mwalimu, je, unatukataza ruqya? Hasha. Ruqya kwa maneno ya Allah na kwa dua zilizothibiti ni sunna. Kosa langu halikuwa kumsomea mtoto. Kosa langu lilikuwa kusoma mahali pa dawa badala ya kusoma pamoja na dawa. Mtume (s.a.w.) aliomba dua na aliamrisha matibabu, na ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea na dawa. Ama hirizi, hukumu yake mnaijua. Lakini anayeikata hirizi shingoni mwa mtoto kisha akamwacha alale nyumbani na uvimbe wake, amefanya nusu ya kazi.

Na msiniambie ni kadari, basi tukae. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuingia Sham na akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimfahamisha kwamba wanatoka katika kadari ya Allah na kuingia katika kadari ya Allah. Kumpeleka mtoto hospitali ni kadari kama kumwacha nyumbani. Sisi tunaulizwa tulichagua ipi.

Habari njema ni kwamba maradhi haya yanatibika. Kule kugawanyika kwa kasi ndiko kunakozifanya seli hizo zidhurike upesi na dawa. Burkitt mwenyewe, mapema katika miaka ya 1960, aliwapa watoto dawa chache tu na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapa kwetu, watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road haiko mbali na mahali hapa tulipokaa. Shida kubwa ni kuchelewa.

Onyo juu ya kutegemeza imani kwa hesabu

Nina neno kwa vijana. Kuna vijitabu, na siku hizi ujumbe wa simu, vinavyosema kwamba Suratun-Nahl ni sura ya 16 kwa kuwa nyuki ana kromosomu 16, na kwamba huo ni muujiza. Nyuki dume ana 16, ni kweli. Lakini nyuki jike, malkia na watenda kazi, wana 32. Mwenye kusema nusu ya habari hakuisaidia dini.

Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1923 wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mwanadamu ana kromosomu 48. Walihesabu, wakachapisha vitabuni, dunia ikakubali. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, akiwa Sweden pamoja na Albert Levan, alizitandaza vizuri zaidi, akahesabu upya, akapata 46. Lau mmoja wetu angelikuwa ameujengea muujiza ule wa 48, angelisema nini mwaka ule? Angelibadilisha aya, au angelikanusha jicho? Qur'ani ni uwongofu, haihitaji mkongojo wa hesabu zetu. Inatuamuru tutazame na tuzingatie, hata ndani ya nafsi zetu. Basi tutazame kwa uaminifu, na tunachokiona kituzidishie khushuu mbele ya Muumba. Uzi wa kufika Morogoro ndani ya mfuko mmoja, nao hautatiziki: hilo linatosha kwa mwenye moyo.

Na enyi wazazi, msiseme kwamba elimu hiyo ni ya wenzetu. Kijana wako akipenda baiolojia, mlipie ada kama unavyomlipia anayehifadhi. Umma unahitaji mwenye kuisoma Juzuu Amma na mwenye kukisoma kiini, na bora zaidi ni mmoja akiyakusanya yote mawili.

Hitimisho

Kwa kumalizia, nakuachieni mambo manne ya kutenda.

Kwanza, mtoto akivimba taya, jicho likitokeza nje, meno yakilegea bila sababu, au tumbo likivimba kwa haraka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje Ijumaa, wala msimngoje mwalimu. Dua zisomwe njiani.

Pili, neti zitumike kila usiku, na homa ya mtoto ipimwe mapema. Kuipunguza malaria ni kuupunguza ule msukosuko wa sokoni.

Tatu, walimu wenzangu wa madrasa na wasomaji wa ruqya, tuwe na ada ya kuuliza kabla ya kusoma: "Ameonwa na daktari?" Kama hajaonwa, tuongozane nao mpaka mapokezi.

Nne, aliyewahi kumtuhumu mama, mke mwenza, jirani au mkwe kwa ugonjwa wa mtoto, amwendee akamwombe radhi angali hai. Mimi nilimtafuta yule jirani aliyehama, nikamkuta. Nilimwambia kwamba nilikuwepo maneno yale yalipokuwa yakisemwa, na sikuyazuia. Alilia, kisha akaniuliza kama mtoto alifika kuihitimu juzuu yake. Nikamwambia zilibaki sura tatu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipozembea, waponye wagonjwa wetu, warehemu watoto waliotutangulia na uwafanye kuwa akiba kwa wazazi wao, na utufundishe yenye kutunufaisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.